Maembe Mabichi ya Mti Uliopigwa Gundi

Nyumbani, 6 Oktoba

Mdogo wangu Randa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Mzee hajambo na anakusalimu sana. Mgongo wangu unauma kama kawaida kwa sababu ya cherehani, na jirani yetu Mama Mapacha amejifungua tena, safari hii mmoja tu, kwa hiyo analalamika kwamba jina lake limeharibika. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huongeleki. Nikikupigia, mara mtandao mbaya, mara uko kazini, mara utanipigia baadaye, na hiyo baadaye yako sijawahi kuiona. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho.

Jumanne tulipigwa na dhoruba. Ilikuja mchana kweupe nikiwa nashona kola za mashati ya shule. Bati la banda la kuku liliruka mpaka kwa jirani. Mpapai umekatika kiunoni, mpera umeng'oka mizizi juu, na mwembe wetu wa nyuma ya chumba cha kushonea umepasuka katikati. Nusu imesimama. Nusu nyingine haijasimama wala haijaanguka, imening'inia juu ya bati langu kama mgeni anayesita kukaa.

Matunda yote yalikuwa mabichi. Unajua msimu ulivyo, maembe ndiyo kwanza yamefika ukubwa wa ngumi, kokwa bado nyeupe, kisu kinapita bila taabu. Yaliyoanguka nimeyaokota na tangu siku hiyo sijapumzika. Mapapai nimeyachanja yatoke utomvu, nikayakata na kuyapika kama mboga, tumekula mpaka Mzee akauliza kama dhoruba imepeperusha na mchele. Mapera nimeyachemsha nikatoa jeli. Maembe nimeyakata vipande, chumvi, jua, siki, pilipili, yamekuwa achari. Chupa zimeniishia, mpaka kopo la maua la marehemu mama lina achari. Majirani wakiniona nimebeba kitu chenye kifuniko wanafunga mlango.

Hayo si tatizo. Tatizo ni ile nusu iliyoning'inia, imejaa maembe. Mkata miti amekuja akasema tuyachume yote mara moja, uzito upungue, kisha alikate tawi kabla halijanilalia. Mzee amekataa. Amesema haliguswi hata embe moja, maembe yale yana mwenyewe na yanamsubiri aje. Mwenyewe ni wewe.

Si ulimwambia mwenyewe kwa mdomo wako, "Maembe yakiiva nakuja"? Ulisema mwaka jana. Mzee alivaa shati jeupe akaenda kituo cha mabasi kukupokea, akarudi peke yake, nawe ukapiga simu kusema kazi zimebana. Mwaka huu ukarudia maneno yaleyale, na yeye kayashika. Kwake yeye embe likichumwa bichi, basi na safari yako imechumwa.

Ninalokuomba ni dogo. Mwandikie mstari mmoja. Ama unakuja sasa hivi, ama tuyachume. Chumba ninachokaa kutwa kiko chini ya tawi hilo, na mimi sijaolewa na bati.

Dada yako,
Kamanda (najua mnavyoniita)


25 Oktoba

Dada yangu Kamanda,

Shikamoo. Na Mzee mpe shikamoo yake, mwambie nimefurahi kupata salamu zake. Poleni sana kwa dhoruba. Nilipofika kwenye kopo la maua nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaja kuuliza kuna nini.

Mimi mzima. Kazini nimepanda cheo, siku hizi sishiki tena mashine. Niko stoo, napokea mbao na kutoa mbao, nawaamrisha watu kama wewe. Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini.

Kuhusu maembe, mimi naona msiyaguse. Tawi likiwa limeshikwa na gamba la mti hata kidogo, linapitisha maji, na yataiva tu taratibu. Hata ukiyachuma, yafukie kwenye pumba, yafunike na gunia, baada ya siku chache yatakuwa ya manjano. Usimkorofishe Mzee kwa jambo dogo. Na chumba chako, si uhamishie cherehani sebuleni kwa muda?

Kuhusu kuja, tutaona.

Mdogo wako,
Randa


2 Novemba

Randa,

Hatujambo. Mzee anakusalimu. Mtoto wa Mama Mapacha ameshapewa jina. Haya, salamu zimekwisha.

Tutaona! Nani ataona? Na ataona nini? Nimeisoma barua yako mara ya pili nikidhani nimeruka ukurasa. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana, nawe umenijibu kwa pumba. Randa, embe changa ukilifukia kwenye pumba unapata embe changa lenye pumba. Nimejaribu, kwa kuwa wewe ni bosi sasa. Yamekunjamana kama visigino vya mtu asiyejipaka mafuta, na ndani ni meupe vilevile.

Sebuleni siwezi kuhamia kwa sababu sebule imejaa achari.

Sasa sikiliza alichofanya Mzee. Nilimsomea barua yako, na aliposikia "linapitisha maji, yataiva" aliinuka palepale. Alichukua vibano vyake vyote vya kubania mbao, akachukua ndoo ya gundi, akapanda ngazi. Akapaka gundi ya mbao kwenye ufa wa mwembe. Akabana kwa vibano, akazungushia kamba, akaweka nguzo chini. Mti umesimama sasa kama mgonjwa aliyetoka kufungwa bendeji, na watu wanapita kwenye uzio kuuangalia. Nilimwambia, "Baba, gundi si ni ya mbao kavu? Si wewe uliyetukataza kugusa mbao mbichi, mpaka ikauke mwaka mzima?" Akaniuliza, "Nani fundi hapa?" Nikamshikia ngazi. Ningefanya nini, mzee wa umri ule yuko juu ya ngazi na brashi ya gundi mkononi?

Majani ya tawi yameshaanza kuwa ya kahawia. Alipokwenda kunyoa nywele nilipanda nikachuma niliyoweza kuyafikia. Aliporudi alitazama juu tu, akajua. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Chakula cha jioni alikwenda kulia karakana, peke yake, katikati ya maranda.

Na utomvu wa maembe mabichi umenichubua vidole. Nimeshika mashati meupe ya shule bila kujua, yametoka na madoa ya kahawia kila penye mkono wangu, mwalimu mkuu ameyarudisha. Nimechoka, Randa. Sisemi kwa utani. Nimechoka kuwa katikati ya mtu asiyetaka kukata na mtu asiyetaka kusema.

Halafu huo mwandiko. Goti gani hilo? Mwalimu wetu wa darasa la kwanza angekurudishia daftari. Nunua meza, bosi.

Dada yako


30 Novemba

Dada,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, mwezi huu stoo imejaa. Pole kwa vidole, paka mafuta ya kupikia kabla ya kushika maembe, utomvu hautashika. Pole na mashati.

Huku hakuna jipya.

Nilitaka kukuuliza kitu. Zamani nilipokuwa shule ya bweni, ulikuwa unaniandikia barua na Mzee anaongeza mstari wake chini kabisa kwa ile penseli yake bapa ya useremala. Safari hii mbona haongezi? Unaandika kwamba ananisalimu, lakini chini hapana kitu. Amenikasirikia? Mwambie maembe nayakumbuka.

Kuhusu tawi, amueni ninyi mlioko huko. Mimi sitaki kumwambia Mzee kata, wala sitaki kumwambia acha.

Randa


7 Desemba

Mdogo wangu,

Wote wazima, salamu zako zimefika. Penseli ya Mzee iko sikioni mwake kama siku zote. Mengine usiniulize.

Mvua zimeanza. Usiku tawi linalia juu ya bati, kii, kii, na mimi niko macho nahesabu misumari ya dari. Mkata miti amenipitia tena, akatazama vile vibano, akatikisa kichwa akaenda zake.

Nimepata njia, na wewe utanisaidia upende usipende. Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ndani kuna maembe ya mwisho ya lile tawi, yaliyoangushwa na mvua. Ni mabichi, magumu kama mawe, kwa hiyo hayataharibika njiani. Huo ndio uzuri wake wa pekee, embe bivu lingefika uji. Nimekuwekea na chumvi yenye pilipili kwenye kikaratasi.

Unakumbuka wewe na Mzee mlivyokuwa mkishindana kumenya? Ganda moja refu, kuanzia kikonyo mpaka chini, bila kukatika. Atakayelikata anaosha vyombo, yasipokatika naosha mimi. Mama alikuwa akiyatundika maganda yenu kwenye msumari wa jikoni kuona la nani refu, nami nikikaa naomba Mungu yakatike yote mawili, nipumzike na vyombo. Basi menya moja. Kula. Ganda lianike, litie kwenye bahasha, nirudishie. Nitampa Mzee mkononi nimwambie, "Huyu ameshakula maembe ya mwaka huu, hivyohivyo mabichi, na hili ganda ndilo shahidi." Ganda lako atalijua hata akiwa amefumba macho. Kusubiri kutakuwa kumekwisha, na tawi litakatwa kabla halijaniua.

Ukishindwa hata hilo, Randa, usiniandikie tena kuhusu pumba wala gamba. Nitajua kwamba hatuna tena mtu huko.

Dada yako


29 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo.

Ganda sina. Embe nimelijaribu. Nimeliweka katikati ya magoti, likaruka chini ya kitanda. Nimelibana kwapani, nikachana shati langu. Nimelikanyaga kwa mguu kama mbuzi anayechinjwa, na mwenzangu akaingia akanikuta hivyo, akasema, "Lete nikumenyee." Nikamfukuza. Halafu nikakaa sakafuni na kisu changu, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani, wewe, embe, au nani.

Dada, mkono wangu wa kulia umebaki na dole gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya katikati vilikwenda na mashine ya kupasulia mbao. Ni tangu mwaka jana, wiki ile niliyokuwa nije. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni, na hospitali walipoikata suruali yangu iliyojaa damu, ikakatwa nayo. Nilikupigia nikiwa kitandani. Uliniambia Mzee alikwenda kituoni na shati jeupe, na mimi nikasema kazi zimebana, kwa sababu ndilo neno la kwanza lililonijia mdomoni.

Stoo si cheo. Walinihurumia. Huu ni mkono wa kushoto unaokuandikia, nimejifunza kama mtoto, na kila barua inanichukua jioni kadhaa. Ndiyo maana nachelewa. Meza ninayo.

Embe bivu ningeliweza. Ningelitoboa, ningelifyonza kwa mkono mmoja, nikakuandikia kwamba tamu sana, nawe usingejua. Bichi limekataa. Bichi linataka kisu na mikono miwili.

Usiniulize kwa nini sikusema. Mzee alinipa randa kabla sijajua kusoma. Mkono huu aliutengeneza yeye, alikuwa akiushika na kuusukuma juu ya mbao mpaka uzoee. Sasa nimpelekee nini, nimwambie shikamoo nikiwa nimeuficha mfukoni? Naona aibu, dada. Hata hapa nilipo, peke yangu, naona aibu. Mwaka huu nilirudia "yakiiva" nikitumaini kutatokea jambo, na kweli dhoruba ikaja, na Mungu anisamehe, niliposoma kwamba mti umepasuka nilishusha pumzi.

Moja nimelila na maganda yake, pamoja na chumvi yako. Kali mno. Machozi yakapata kisingizio.

Kateni tawi. Mwambie Mzee nimekula. Haya mengine usimwambie.

Randa


10 Januari

Randa,

Umesema nisimwambie Mzee. Nimemwambia.

Kasirika ukitaka, zamu yako. Mimi nimekasirika tangu Oktoba, na barua yako haikunipoza, imeniongezea. Mwaka mzima! Nakutukana kwa mwandiko, nakuita bosi, nakutumia maembe umenye, nawe unakaa sakafuni na kisu! Nililia jikoni mpaka Mzee akaja kuuliza nani amekufa. Nikamsomea yote, na suruali, na stoo, na randa.

Kwanza nikwambie langu, maana nimeona si haki kukudai ukweli nikiwa nimekalia wangu. Zile salamu za Mzee nilizokuwa nakuandikia ni zangu. Tangu siku ile ya shati jeupe hajalitaja jina lako. Yanamsubiri mwenyewe, ndivyo alivyosema, mwenyewe, basi. Nilikuwa naandika "anakusalimu" nikidhani ipo siku ataniambia kweli nikuandikie, na siku hiyo isikukute umeshakata tamaa.

Nilipomaliza kumsomea barua yako aliniambia nirudie pale penye vidole. Nikarudia. Akauliza, "Mkono gani?" Nikamwambia wa kulia. Akautazama wake wa kulia, akaufunga, akaufungua. Kisha akasema, "Kamwite mkata miti," akatoka.

Tawi limekatwa siku iliyofuata. Bati langu liko salama. Vibano vyake vyote vimegandiana na mti, gundi imeshika vibano ikaacha ufa, na tunahitaji patasi kuvitoa. Alivitazama akasema ni gundi nzuri.

Halafu akachagua kipande kinene cha lile tawi, akakiingiza karakana. Nikamfuata. Akapasua ubao, Randa, ubao mbichi, unatoa maji kila msumeno ulipopita. Mtu aliyekuchapa kiganja kwa kupiga randa mbao isiyokauka! Nikamwambia, "Baba, mwaka mzima je?" Unajua alivyonijibu. Fundi ni nani hapa.

Ametengeneza kitu, nami sikukielewa mpaka kilipokwisha. Ni ubao wa kumenyea. Katikati amepigilia misumari kutoka chini, ncha zimetazama juu. Unalibandika embe pale, linakaa, haliendi kokote, na mkono mmoja unatosha. Kingo mbili pembeni, za kulizuia lisiteleze. Nilikuwa nimechuma maembe mabichi yaliyochelewa kukua kwenye nusu ya mti iliyosimama, yeye akachukua moja akalichomeka, akauficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akashika kisu kwa wa kushoto, akaanza kumenya.

Ganda lilikatika. Akachukua jingine, likakatika. Alitukana maneno ambayo sikujua anayajua. Akasogeza misumari, akaanza tena. Jioni aliniomba taa, na maganda mafupimafupi yamejaa miguuni kwake na mimi nakusanya nyama nyuma yake natia chumvi, kwa hiyo ndiyo, achari imeongezeka. Mpaka leo halijatoka moja zima. Anasema mkono wa kushoto ni mjinga lakini unafundishika, na kwamba wako una mwaka mzima wa kujifunza, utakuwa umeutangulia wake mbali.

Nilitaka kukutumia ubao kwa posta. Amekataa, amesema posta hawabebi misumari, na anayeuhitaji anajua njia. Umewekwa mezani jikoni, chini ya ule msumari wa maganda.

Nusu ya mti iliyosimama bado ina maembe mengine machache. Usiniulize yataiva lini, sitakuambia, neno hilo nimelipiga marufuku hapa nyumbani. Njoo mkiwa bado wabichi, wewe na maembe.

Vyombo vyote vichafu. Nimegoma kuviosha mpaka ashindwe mtu.

Dada yako

(chini, kwa penseli)

Nakusalimu. Ubao ni mbichi, utapinda. Njoo kabla haujapinda. Baba.